Kuku Akinyonyoka Manyoya Usimwuze, Mlishe

Ndugu msomaji, huenda umeliona jambo hili nyumbani kwako. Kuku wako walikuwa wazuri. Walikuwa wanataga. Mara unaamka asubuhi, unakuta manyoya yametapakaa banda zima. Shingo ya kuku mmoja ni nyekundu, haina kitu. Mwingine mkia umekwisha. Mayai hakuna. Watu wanasema, "Hao wana ugonjwa." Wengine wanasema, "Hao wametupiwa jicho." Je, ufanye nini? Uwachinje? Uwauze upesi kabla hawajafa?

Leo tutaeleza kwa nini kuku hunyonyoka manyoya, na chakula gani kitamrudishia manyoya yake na mayai yake. Lakini kwanza nitawasimulia yaliyompata shangazi yangu. Kosa lake ni kosa la wengi wetu.

YALIYOMPATA SHANGAZI

Shangazi yangu anaishi katika kijiji kimoja mkoani Singida. Anajua kufuga kuku tangu utoto wake. Alikuwa na mitetea 10 na jogoo mmoja. Mayai ya kuku hao ndiyo chumvi yake, ndiyo sabuni yake, ndiyo madaftari ya wajukuu wake wawili.

Mwezi wa Desemba mvua ilinyesha. Watu wakapanda uwele na alizeti. Kama kawaida, kila mmoja akafungia kuku wake ili wasifukue mbegu za jirani. Shangazi naye akawafungia. Asubuhi aliwatupia pumba kidogo, kisha akaenda shambani. Jioni alirudi amechoka. Siku nyingine alikuta chombo cha maji kimepinduka tangu asubuhi.

Baada ya wiki mbili hivi mayai yalipungua. Kisha yakakoma. Mwanzoni mwa Januari manyoya yakaanza kuanguka. Kuku mmoja mweusi, ambaye ndiye aliyekuwa akitaga kuliko wote, alikuwa mbaya zaidi. Alibaki kama amenyonyolewa kwa maji ya moto.

Siku hizo shule zilikuwa zinafunguliwa. Akaja mchuuzi wa kuku na baiskeli yake na tenga. Akawatazama, akatikisa kichwa.

"Shangazi, kuku hawa ni wagonjwa. Wiki hii hawaimalizi."

"Sasa nifanyeje, mwanangu?"

"Nitakusaidia tu. Nipe hawa wanne walio wabaya zaidi. Lakini bei ya kuku mzima sitakupa. Wakinifia njiani hasara ni yangu."

Shangazi akauza wanne, na yule mweusi akiwamo. Bei aliyopewa kwa wanne haikufika bei ya wawili walio wazima. Alipata madaftari, lakini sare ya mjukuu mmoja ilibaki deni.

Siku tatu baadaye bibi mifugo wa kata alipita kijijini. Shangazi akamwonyesha wale sita waliobaki. Bibi mifugo akamshika mmoja, akamfunua bawa, akapuliza manyoya ya kifuani. Kisha akacheka kidogo.

"Mama, hawa si wagonjwa. Wanabadili nguo. Wenzao wako wapi?"

"Nimewauza."

"Ah! Pole, mama. Hukuuza ugonjwa. Umeuza mayai ya mwaka huu."

KWA NINI KUKU HUBADILI MANYOYA

Unyoya ni kama nguo. Ukivaliwa muda mrefu huchakaa. Jua huufifisha, vumbi huula, miti huuvunja. Lakini unyoya ukishakomaa ni kitu kikavu, haukui tena wala haujitibu. Kwa hiyo ndege hana budi kuutupa wa zamani na kuotesha mpya. Ndege wote hufanya hivyo: njiwa, bata, kunguru, hata kasuku anayefugwa ndani ya nyumba.

Kifaranga hubadili manyoya zaidi ya mara moja kabla hajawa mkubwa. Akishaanza kutaga, kuku hubadili manyoya kwa mara ya kwanza anapofikia mwaka mmoja na nusu hivi. Baada ya hapo hubadili karibu kila mwaka.

Katika nchi za baridi, kama Uingereza, kuku wengi hunyonyoka kwa pamoja siku zinapoanza kuwa fupi, majira ya baridi yakikaribia. Kwetu tulio karibu na mstari wa Ikweta, urefu wa mchana haubadiliki sana. Kwa hiyo kuku wetu hawana mwezi mmoja wa kunyonyoka. Huyu anaweza kuanza leo, mwenzake miezi mitatu baadaye. Lakini yako mambo yanayoweza kuwaanzisha wote kwa pamoja. Mambo hayo ni haya:

1. Njaa. Chakula kikipungua ghafula, kuku huacha kutaga na kunyonyoka.
2. Kiu. Kuku akikosa maji hata siku moja au mbili, utaona matokeo yake.
3. Joto kali ndani ya banda lisilo na hewa.
4. Kuhamishwa, kufungiwa, au kutishwa mara kwa mara na wanyama.
5. Kumaliza kuatamia na kulea vifaranga.

Sasa bila shaka msomaji umekwisha kuona kilichowapata kuku wa shangazi. Walifungiwa. Wakala pumba tupu. Mara nyingine maji hawakuyapata. Wote wakanyonyoka pamoja. Halikuwa jicho la mtu, na haukuwa ugonjwa.

MBONA MAYAI HUKOMA?

Hapa ndipo penye siri ya jambo lote. Manyoya yanatokana na nini?

Chukua unyoya mmoja uuchome. Utasikia harufu kali kama ya nywele zinazoungua. Harufu zinafanana kwa sababu unyoya, nywele na kucha ni jamii moja. Zimetengenezwa kwa protini ngumu iitwayo keratini. Katika kila sehemu 100 za unyoya mkavu, zaidi ya sehemu 80 ni protini. Na ile harufu kali hutokana na salfa iliyomo ndani ya protini hiyo.

Yai nalo linahitaji protini. Sasa tupige hesabu ndogo. Mtetea wa kienyeji mwenye kilo moja na nusu huvaa manyoya yenye uzito wa gramu 75 hivi, au zaidi. Ndani yake mna protini gramu 60 hivi. Yai moja la kuku wa kienyeji lina protini gramu 5 hivi. Gawa 60 kwa 5. Unapata 12. Maana yake, kuku anapovaa nguo mpya anatumia protini inayotosha mayai 12. Huo ni mtago mzima!

Basi kuku hawezi kufanya kazi mbili kwa wakati mmoja. Mwili wake huacha mayai kwanza, ushughulikie manyoya. Kilemba chake, yaani ile nyama nyekundu ya kichwani, hupauka na kusinyaa. Hupenda kujitenga na hataki kushikwa. Ukimlisha vizuri, atamaliza kazi ya manyoya upesi na kurudi kwenye mayai. Ukimlisha pumba tupu, atakaa miezi na miezi na manyoya mabovu, na mayai hutayaona.

KWANZA HAKIKISHA: JE, NI KUNYONYOKA KWA KAWAIDA?

Si kila kuku aliye uchi anabadili nguo. Kabla ya kufanya lo lote, mshike kuku wako taratibu, umchunguze.

Kama anabadili manyoya: Utaona vijiti vidogo kama miiba vikichomoza kwenye ngozi. Hayo ni manyoya mapya yaliyofungwa ndani ya ala. Huanza kichwani na shingoni, kisha kifuani na mgongoni, halafu mabawa na mkia. Kuku bado anakula na kunywa. Macho yake ni maangavu.

Kama ana chawa: Funua manyoya chini ya mabawa na karibu na mkundu. Utaona wadudu wakikimbia, na mayai yao yameganda kwenye mashina ya manyoya.

Kama banda lina utitiri au papasi: Wadudu hawa wengi hujificha mchana katika nyufa za ukuta na miti ya banda, na usiku hutoka kunyonya damu. Nenda usiku na taa, utawaona. Kuku hupauka na kudhoofika.

Kama wanadonoana: Utaona vidonda au damu, hasa karibu na mkia. Banda ni dogo mno au chakula hakitoshi.

Kama ni jogoo: Mgongo wa mtetea huwa mtupu mahali jogoo anapokanyaga, lakini kifua ni kizima.

Kama ni kideri: Ugonjwa huu, ambao wengine huuita mdondo, hauna subira. Kuku husinzia, huharisha kijani, huhema kwa shida, na wengine hupinda shingo. Hufa wengi kwa siku chache. Ukiona dalili hizi usiuze wala usigawe kuku, maana utaeneza ugonjwa. Mwite mtaalamu mara moja. Kinga yake ni chanjo ya tone la jicho, ambayo hurudiwa kila baada ya miezi 3 hadi 4, nayo hupewa kuku wazima.

CHAKULA CHA KUJENGA MANYOYA

Tumesema manyoya ni protini. Lakini si kila protini inafaa sawasawa. Protini imejengwa kwa viini vingi, kama nyumba inavyojengwa kwa matofali ya aina nyingi. Kwa manyoya, viini viwili vinatakiwa sana: methionini na sistini. Hivi ndivyo vyenye ile salfa tuliyoitaja.

Mahindi yana protini kidogo, karibu sehemu 8 au 9 tu katika 100. Kazi yake ni kutia nguvu. Pumba nazo hazitoshi. Maharage na kunde zina protini nyingi, lakini methionini yake ni haba. Vyakula vyenye methionini nyingi zaidi ni hivi:

Dagaa wakavu. Hawa ni bora kabisa. Zaidi ya nusu ya uzito wao ni protini. Kwa wanaoishi mikoa ya kati, dagaa wa Ziwa Victoria hupatikana masokoni. Huna haja ya wale wazuri wa kula watu. Vichwa na vipande vilivyovunjika vinafaa, mradi havina ukungu.

Mashudu ya alizeti na ya ufuta. Haya ni mabaki baada ya kukamua mafuta. Palipo na mashine ya alizeti hayana shida kupatikana.

Wadudu. Mchwa, kumbikumbi, panzi na funza ni nyama safi kwa kuku. Kumbikumbi wakiruka baada ya mvua, wakusanye. Wale wa ziada uwakaushe juani uweke akiba.

Katika Afrika ya Magharibi, katika nchi kama Togo na Burkina Faso, wafugaji huwatega mchwa. Nawe unaweza kujaribu. Chukua chungu kikuukuu. Kijaze nyasi kavu, mabua au kinyesi kikavu cha ng'ombe. Nyunyiza maji kidogo. Kigeuze, mdomo uwe chini, ukiweke juu ya tundu la mchwa. Kifunike ili jua lisikikaushe. Kiache usiku kucha. Asubuhi kiinue, ukawakung'utie kuku. Huna senti uliyotoa.

Majani mabichi. Mchicha, majani ya mlonge, na majani ya maboga yana vitamini A na madini. Yafunge fungu, uyatundike ndani ya banda, kuku wayadonoe. Yasitupwe chini yakakanyagwa na kuchafuliwa.

NNE, TATU, MBILI, MOJA

Huu ni mchanganyiko aliofundishwa shangazi. Ni rahisi kuukumbuka. Kwa kilo 10:

Mahindi yaliyoparazwa: kilo 4
Mashudu ya alizeti: kilo 3
Pumba za mahindi: kilo 2
Dagaa waliotwangwa: kilo 1
Chumvi: vijiko 4 vya chai

Mahindi, mashudu, pumba, dagaa. Nne, tatu, mbili, moja. Ukikosa mahindi, tumia mtama au uwele kwa kipimo kile kile. Chumvi iwe ya kusagwa, uichanganye kwanza na pumba ili ienee. Kama dagaa wako walikaushwa kwa chumvi, usiongeze chumvi nyingine, maana chumvi nyingi inaua kuku. Pima kwa mizani. Usipime kwa debe, kwa sababu pumba ni nyepesi na zitakudanganya.

Mchanganyiko huu una protini sehemu 17 au 18 hivi katika 100. Hiyo inamtosha kuku anayeotesha manyoya.

Maganda ya mayai yaliyokaushwa na kupondwa, au chokaa ya mifugo, weka kwenye chombo chake peke yake. Kuku asiyetaga haihitaji sana. Akianza kutaga atakwenda mwenyewe kuitafuta.

Je, wapewe kiasi gani? Kuku anayetembea na kujitafutia mpe ukufi mmoja kwa siku, yaani kiganja kilichojaa, karibu gramu 50. Mpe nusu asubuhi na nusu jioni. Kuku aliyefungiwa mchana kutwa mpe mara mbili ya hiyo, maana hana pengine pa kupata.

Sasa tazama hesabu ya shangazi. Msimu wa kupanda ulikuwa umekwisha, kuku wamefunguliwa. Kuku 6 mara gramu 50 ni gramu 300 kwa siku. Kwa siku 60 ni gramu 18,000, yaani kilo 18. Katika kilo hizo 18, mahindi na pumba alikuwa navyo nyumbani. Alinunua mashudu na dagaa tu. Na siku alizopata mchwa, alipunguza mchanganyiko ukadumu zaidi.

Na maji, ndugu msomaji! Kuku hunywa maji yenye uzito karibu mara mbili ya chakula anachokula, na wakati wa joto zaidi ya hapo. Maji yawe safi, yawe kivulini, na chombo kisiwe cha kupinduka. Weka jiwe ndani yake au kichimbie chini kidogo.

MAMBO YA KUJIHADHARI

1. Usimpe kuku chakula chenye ukungu. Mahindi na karanga zilizoota ukungu zinaweza kuwa na sumukuvu. Inadhuru kuku, na inadhuru watu pia.

2. Usimpe soya mbichi. Soya mbichi huzuia protini isisagike tumboni. Ikaange au ichemshe kwanza.

3. Mashudu ya pamba yasitumike badala ya alizeti. Yana sumu iitwayo gosipoli, ambayo kuku haivumilii kama ng'ombe anavyoivumilia.

4. Jihadhari na majani ya lusina. Yana protini, lakini yana pia kitu kiitwacho mimosini. Wanyama wengine wakila lusina nyingi hunyonyoka nywele. Kuku akiila nyingi hudumaa na mayai hupungua. Mlonge ni bora zaidi.

5. Usimshike kuku ovyo. Unyoya mchanga una damu ndani yake. Ukivunjika huuma na kutoka damu, na wenzake wakiona damu humdonoa.

6. Usiyang'oe manyoya yaliyobaki ukidhani unamsaidia. Yataanguka yenyewe kwa wakati wake.

7. Mkinge na mvua na baridi ya usiku. Hana blanketi. Banda lisivuje wala lisipitishe upepo mkali, lakini liwe na hewa.

8. Mwekee mahali pa kuoga vumbi: mchanga mkavu uliochanganywa na majivu. Hapo hujisafisha na kupunguza chawa.

9. Usimpe dawa bila kumwuliza mtaalamu. Kunyonyoka si ugonjwa, na fedha ya dawa ingenunua dagaa.

Hata wale wanaofuga kasuku huingia katika kosa hili la chakula cha namna moja. Humpa ndege mbegu za alizeti tupu mwaka mzima. Mbegu hizo zina mafuta mengi, lakini vitamini A na chokaa ni kidogo. Wakati wa kubadili manyoya ndipo kasoro huonekana: manyoya yanatoka yamefifia na yanavunjika. Naye anahitaji mboga za majani, karoti, matunda na protini. Kuku au kasuku, mwili wa ndege ni ule ule.

KUKU MBAYA NDIYE KUKU MZURI

Sasa tunarudi kwa yule kuku mweusi aliyeuzwa. Bibi mifugo alimfundisha shangazi kusoma bawa la kuku, kama sisi tulivyofundishwa kusoma herufi.

Fungua bawa la kuku. Upande wa nje utaona manyoya makubwa 10. Upande wa ndani mna mengine. Katikati yao pana unyoya mmoja mfupi kama mpaka wa shamba. Yale makubwa 10 huanza kuanguka kutoka mpakani kwenda nje.

Unyoya mmoja huchukua wiki 6 hivi kukua. Kuku mvivu hudondosha mmoja, anangoja wiki mbili, anadondosha mwingine. Mpaka amalize yote 10, miezi 6 hivi imepita. Wakati wote huo anaonekana nadhifu, na wewe unamsifu. Lakini anakula, hatagi!

Kuku hodari hufanya namna nyingine. Hutaga muda mrefu bila kupumzika, mpaka manyoya yake yachakae kabisa. Kisha hudondosha mawili, matatu, hata manne kwa mara moja. Anatisha kumtazama. Lakini kwa kuwa yanakua pamoja, baada ya miezi 2 au 3 amemaliza, na anarudi kutaga.

Kwa hiyo yule aliye mbaya kuliko wote mara nyingi ndiye mtagaji bora. Mchuuzi alichagua wabaya, na shangazi akakubali, kumbe waliondoka walio bora. Ukitaka kupunguza kuku, usimtazame uzuri. Fungua bawa. Muuze yule anayedondosha mmoja mmoja na kukaa muda mrefu bila yai. Mbakize yule aliyetaga muda mrefu kisha akavua nguo zote mara moja. Na mayai ya kuatamiwa yawe ya huyo, ili vifaranga wamfuate mama yao.

MWISHO WA HADITHI

Shangazi aliwalisha kuku wake sita. Wajukuu walitega mchwa kila jioni. Mwezi wa Februari vile vijiti vilipasuka, manyoya mapya yakatoka, yanang'aa. Vilemba vikaanza kuwa vyekundu tena. Mwishoni mwa Machi mjukuu mdogo alikuja mbio kutoka bandani, ameshika yai mkononi. Baada ya hapo mayai yakafuatana. Deni la sare lililipwa mwezi wa Mei.

Wale wanne hawakurudi. Kila akimwona kuku mweusi wa jirani, shangazi husema, "Ningejua!" Mimi humwambia, "Shangazi, sasa unajua." Naye hujibu, "Ndiyo, lakini kujua kwangu kumenigharimu kuku wanne. Wewe waandikie wenzangu, wao wapate bure."

Ndiyo maana nimewaandikia. Msimu ujao wa kupanda, tukiwafungia kuku wetu, tukumbuke ukufi wa chakula na chombo cha maji. Na manyoya yakianguka, tusimkimbilie mwenye tenga. Tukimbilie dagaa na mashudu.

MASWALI YA KUJADILI

Someni makala hii pamoja na wenzenu, kisha mjibu maswali haya.

1. Taja mambo matatu yanayoweza kuwafanya kuku wote wa banda moja wanyonyoke pamoja.
2. Utamtambuaje kuku anayebadili manyoya, na utamtambuaje kuku mwenye chawa?
3. Kwa nini pumba tupu hazifai kwa kuku anayenyonyoka?
4. Katika kijiji chenu, ni vyakula gani vya protini vinavyopatikana bila fedha au kwa fedha kidogo?
5. Hesabu: Una kuku 10 wanaojitafutia. Kila mmoja anapewa gramu 50 za mchanganyiko kwa siku, kwa siku 60. Utahitaji kilo ngapi? Katika hizo, dagaa ni kilo ngapi?

Jibu la swali la 5: Gramu 50 mara 10 ni gramu 500 kwa siku. Kwa siku 60 ni gramu 30,000, yaani kilo 30. Kila kilo 10 ina kilo 1 ya dagaa, kwa hiyo dagaa ni kilo 3.